Kuridhika na Kazi Inayofanywa kwa Mbali: Picha Kutoka Suji

Msafiri aendaye Suji, wilayani Same, huiacha barabara kuu pale Makanya, penye joto, mashamba ya mkonge na vumbi la jasi, kisha huanza kuupanda mlima kwa mizunguko hadi afike kwenye ubaridi na migomba. Hufika amechoka. Picha ya ngozi ya mgonjwa huteremka njia hiyohiyo kwa sekunde chache, mtandao ukiwa mzuri, na mimi huipokea nikiwa nyumbani Dar es Salaam na kikombe cha chai mezani.

Kwa miaka kadhaa sasa sehemu ya kazi yangu ya ubingwa wa magonjwa ya ngozi naifanya kwa namna hiyo, yaani kwa tibamtandao. Wenzangu wanaosoma picha za eksirei na vipimo vya moyo wakiwa mbali wanaielewa hali hii. Vijana wanaomaliza shahada za uzamili huniuliza mara kwa mara: je, daktari aweza kuridhika na kazi ambayo ndani yake hamwoni mgonjwa? Jibu langu limebadilika, na aliyelibadilisha ni tabibu mmoja wa Suji. Nasimulia kwa ridhaa yake na ya mgonjwa, bila kuwataja majina.

Ilikuja picha ya baka lililofifia rangi, juu kidogo ya kiwiko, lenye kingo zilizoinuka. Maelezo yalikuwa mafupi: mkulima, mwanamume wa makamo, baka la miezi saba, amepaka dawa za fangasi alizonunua dukani bila nafuu. Nilijibu kwa dakika chache kwamba ni fangasi, dawa ya kupaka ibadilishwe na vidonge viongezwe. Nikalifunga jalada. Siku ile nilisoma picha zaidi ya thelathini, na nakiri kwamba nilijivunia hesabu hiyo.

Kesho yake tabibu aliandika: “Samahani Daktari, nimemgusa kwa pamba akiwa amefumba macho. Kwenye baka hasikii.” Sikuuona ujumbe huo kwa siku kumi na moja. Mfumo tuliokuwa tukiutumia uliziweka jumbe za majalada yaliyofungwa mahali nisipokuwa na mazoea ya kupatazama, na mimi sikuwa nimejiuliza kama kuna jumbe za namna hiyo.

Kwa bahati, tabibu hakunisubiri. Alipapasa nyuma ya kiwiko, akaukuta mshipa wa fahamu umenenepa. Akampigia mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, na mgonjwa akaanzishiwa dawa za ukoma. Kidole kidogo cha mkono ule kilikuwa kimekwisha kuanza kulegea. Kwa kuwa udhaifu huo ulikuwa wa majuma machache tu, alipewa pia prednisoloni. Udhaifu wa neva usiozidi miezi sita bado una nafasi nzuri ya kurudi nyuma ukitibiwa. Ukiachwa, mkono hukunjamana.

Baka lisilohisi ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo. Kila mwanafunzi wa tiba hulijua hilo. Lakini ganzi haionekani kwenye picha, hata kamera iwe nzuri namna gani. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza.

Kosa lile liliniuma, ila kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye, nilipoyapitia majalada yangu ya mwaka mzima. Yalikuwa mamia. Sikuweza kutaja hata wagonjwa watano ambao nilijua mwisho wa habari zao. Nilikuwa nimefanya kazi nyingi bila kujua kama nimemponya mtu. Ule uchovu ambao nilidhani unasababishwa na kioo cha kompyuta ulikuwa na chanzo kingine.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu takriban 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliona kwamba mshahara na mazingira mazuri hupunguza manung’uniko, ila yanayomfanya mtu aipende kazi ni mengine: kuiona kazi imezaa matunda, kutambuliwa, na kazi yenyewe. Utafiti ule umekosolewa sana, nami siuchukui kama msahafu, lakini kwa anayefanya kazi kwa mbali una ukweli wake. Kufanya kazi nyumbani kuliniondolea foleni za barabarani na kelele za kliniki. Kuliniondolea pia mgonjwa anayerudi baada ya mwezi na kusema, “Daktari, nimepona.”

Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyetunga kipimo cha kuchakaa kazini mwaka 1981, anataja dalili tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona wagonjwa kama vitu, na kuona kwamba hufanikishi lolote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kama jambo linalotokana na kazi, wala si ugonjwa. Dalili ya pili ndiyo ya kuogopwa katika tibamtandao, kwa sababu mgonjwa kweli hutufikia akiwa kitu: picha yenye namba.

Wapare wana ndiva, bwawa dogo la asili linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kuelekea mashambani. Tibamtandao ya picha hufanya kazi vivyo hivyo: tabibu hutuma akipata nafasi, bingwa hujibu akipata nafasi, hawalazimiki kukutana. Ni mpango mzuri kwa mahali penye mtandao wa kusuasua. Lakini ndiva ina mtu wa kuifungua asubuhi, na kule bondeni yupo anayengoja maji. Redio za upepo walizotumia madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi. Ilibidi watu wawili wawepo kwa wakati mmoja, na aliyesitasita alisikika akisitasita. Tabibu wangu alisitasita kwa maandishi, na sikuwepo.

Tumebadilisha mambo machache tangu hapo. Kila jibu langu huishia na swali na tarehe ya kunijulisha hali ya mgonjwa, na jalada halifungwi kabla ya tarehe hiyo. Kila Ijumaa tunaongea kwa simu nusu saa na matabibu wanaotuma picha. Wao ndio hutangulia kusema, mimi hufuata. Nimepunguza pia idadi ya picha ninazosoma kwa kikao kimoja, jambo ambalo wasimamizi hawakulipenda mwanzoni, kwani takwimu za robo mwaka zilishuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unakubali ushauri wa mtandaoni baina ya watoa huduma, ila pale tu ambapo usalama na faragha ya mgonjwa pamoja na uwajibikaji vinaweza kufuatiliwa.

Mwaka jana nilipanda Suji. Mkulima yule alikuwa amemaliza miezi yake 12 ya dawa, ambazo hutolewa bure, na anashika jembe. Kidole kidogo bado hakinyooki sawasawa. Tabibu aliniambia, “Gusa hapa, Daktari,” nikaupapasa mshipa ambao nilikuwa nimeandika habari zake bila kuujua.

Kwa msomaji ambaye ni mgonjwa: ukipigwa picha ili ipelekwe kwa bingwa, una haki ya kuulizwa kwanza. Taarifa za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Uliza picha inakwenda kwa nani na jibu litarudi lini. Na ukipata nafuu, au usipopata, rudi umwambie tabibu wako. Siku hizi ujumbe huo hunifikia, na Ijumaa huwa naungojea.