Ubaridi wa Nyumba Huanzia Kwenye Ramani

Ramani nyingi za nyumba zinazorushwa kwa simu siku hizi zina kila kitu: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, hata rangi ya bati. Kinachokosekana mara nyingi ni mshale wa kaskazini. Fundi huigeuza ramani ifuate barabara, geti lielekee mtaani, msingi ukachimbwa. Siku hiyo, kabla tofali la kwanza halijalazwa, imeshaamuliwa ni chumba gani kitawatesa watu kwa joto kila jioni.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi: Desemba huegemea kusini kwa nyuzi 17 hivi, Juni huegemea kaskazini kwa nyuzi 30. Jua lililo juu namna hiyo ni rahisi kulizuia. Upenu wa sentimita 90 hutia kivuli mita moja na nusu ya ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na mita tatu za ukuta wa kusini adhuhuri ya Desemba, yaani karibu ukuta mzima. Jua la saa kumi na moja jioni ni habari nyingine. Limeshuka, linapenya chini ya upenu wowote, linaingia dirishani na kuupiga ukuta wa magharibi. Tofali za saruji hulitunza joto hilo, kisha hulitoa ndani saa tatu na saa nne usiku, watu wanapotafuta usingizi.

Ndiyo maana nyumba ya pwani inafaa ilale kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upewe stoo, choo au ngazi. Hapo pwani yetu ina neema ya pekee. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini na kusini mashariki. Kuta zilizo rahisi kutiwa kivuli ndizo hizo hizo zinazopokea upepo. Inaniuma kuona neema hiyo ikipotezwa kwa sababu tu geti lilitakiwa lionekane barabarani.

Elimu hii ina umri. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulichapisha kitabu kuhusu hali ya hewa na usanifu wa nyumba, chenye majedwali yanayojulikana kwa jina la Carl Mahoney. Unajaza joto la kila mwezi, unyevu, mvua na upepo. Unalinganisha mchana na usiku. Majedwali yanakuambia nyumba ikaeje. Ukiyajaza kwa Dar es Salaam, yanataka vyumba vya safu moja ili upepo uingie huku na kutokea kule, madirisha makubwa, kuta nyepesi, na paa jepesi lenye kinga ya joto.

Kuta nyepesi huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kusifu ukuta mnene. Jibu liko kwenye usiku. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, limesifiwa duniani kote kwa kupoa bila mitambo mikubwa ya viyoyozi. Feni zake huvuta hewa ya usiku kupitia zege, zege likapoa, na mchana kutwa likafyonza joto la ofisini. Lakini Harare iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa kwelikweli. Dar es Salaam ya Februari hulala kwenye nyuzi joto 25 hivi. Zege haliwezi kupata ubaridi ambao hewa yenyewe haina. Dodoma, ambako mchana na usiku hupishana kwa nyuzi joto kumi na zaidi wakati wa kiangazi, inaweza kujifunza mengi kwa Harare. Ofisi zinazojengwa huko zisiige vioo vya majengo ya Posta, Dar es Salaam.

Siku hizi kuna mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu. Unapendeza kwenye picha. Lakini upenu umefutwa, kuta zimebaki uchi juani, na hewa iliyo juu ya dari mara nyingi haina pa kutokea. Mwenye kuutaka aongeze vivuli vya zege juu ya kila dirisha na aache matundu ya hewa chini ya bati. Bati lenyewe liwe la rangi hafifu, na chini yake itandikwe karatasi ya kung'aa inayorudisha joto.

Njombe na Makete shida ni baridi, na ramani ni ile ile ya Dar. Huko vyumba vya kukaa vielekee mashariki na kaskazini vipate jua la Juni, dari isikosekane, mianya ya milango izibwe. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu ya kuota moto: hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini.

Baada ya hayo yote ndipo kiyoyozi kihesabiwe. Feni ya dari hula wati 70 hivi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu wati 1,000 na kuondoa wati 3,500 za joto. Muuzaji akiuliza ukubwa wa chumba tu, mwambie pia dirisha linatazama wapi, dari ikoje na wanalala wangapi, kwani kila mtu hutoa karibu wati 100. Usikubali kikubwa kupita kiasi: cha kawaida kisicho na inveta hupoza upesi na kuzima kabla hakijakausha unyevu, chumba kikabaki na ubaridi wa majimaji. Na kabla ya plasta, acha tundu la mabomba, mteremko wa maji yake, na mahali penye kivuli pa kuweka mashine ya nje.