Ala ya Ala: Mfuko Laini na Sanduku Gumu katika Safari za Gita kati ya Thika na Ruiru

Neno ala katika Kiswahili hubeba maana mbili zisizo na udugu. Kuna ala ya kisu au upanga, yaani kifuko cha kuhifadhia makali, ambayo wingi wake wa kale ni nyala. Kisha kuna ala ya muziki, neno lililoingia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya chombo. Mpigaji gita anayesafiri anazihitaji zote mbili kwa wakati mmoja: ala ya kumpatia riziki na ala ya kuikinga hiyo ya kwanza isivunjike njiani. Makala haya yanahusu hiyo ya kukingia. Swali lenyewe ni la kawaida katika maduka ya vyombo vya muziki: je, gita lisafirishwe katika mfuko laini wa kitambaa au katika sanduku gumu? Jibu linalotolewa aghalabu ni fupi mno, kwamba sanduku ni salama na mfuko ni mwepesi. Si jibu la uongo, ila linasahau barabara na chombo ambacho gita litasafiria. Ndiyo maana mjadala huu unafungwa katika njia moja mahususi, ile ya takriban kilomita 20 baina ya Thika na Ruiru, kupitia Witeithie na Juja.

Njia hii haikosi magita. Tangu miaka ya 1990 umestawi katika baa na vilabu vya eneo la Kati muziki wa mugithi, jina ambalo kwa Kikikuyu lina maana ya garimoshi, kwa kuwa wachezaji hushikana wakaandamana mfano wa mabehewa. Mike Rua ni miongoni mwa walioupa umaarufu. Sifa yake kubwa ni kwamba mara nyingi huendeshwa na mtu mmoja mwenye gita moja, akiimba nyimbo za wengine na zake hadi usiku wa manane. Mtu huyu hana bendi ya kumwazima gita jingine. Likivunjika Ijumaa jioni, amepoteza malipo ya Ijumaa na ya Jumamosi, na yamkini mwenye klabu atamtafuta mwingine. Wapo pia wapigaji wa makanisani, na wapo wanafunzi wa vyuo vilivyojaa ukanda huu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja na Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko Thika. Wengi wao hawana gari. Husafiri kwa matatu na bodaboda kama raia wengine wote.

Ili kuamua vyema, sharti ieleweke kwanza jinsi gita linavyovunjika. Nyuzi sita za chuma zikikazwa hadi sauti yake ya kawaida, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Zile za nailoni huvuta kwa karibu kilo 40. Mvuto huo haulali hata gita likiwa limelala. Shingo hustahimili kwa kuwa nyuzinyuzi za mti wake zimelala kwa urefu. Udhaifu uko pale shingo inapokutana na kichwa chenye skrubu za kukazia nyuzi. Katika magita mengi, kichwa hicho kimepindwa kuelekea nyuma; magita ya Gibson, kwa mfano, hupindwa kwa kawaida digrii 17. Kichwa na shingo vikiwa vimechongwa kutoka kipande kimoja cha mti, nyuzinyuzi za mti hukatizwa pale kwenye pindo, na sehemu hiyo hubaki nyembamba na dhaifu. Magita ya aina ya Fender, ambayo kichwa chake hufuata mstari wa shingo, hayana ugonjwa huo kwa kiwango hicho.

Sasa na litazamwe gita lililosimamishwa ukutani likiwa ndani ya sanduku lake gumu, kisha likaanguka chali. Sanduku likigonga sakafu husimama papo hapo. Tumbo la gita nalo husimama kwa kuwa limebanwa. Kichwa, chenye uzito wa skrubu zake na mvuto wa nyuzi, kinataka kuendelea na safari. Hapo ndipo mlio wa kukatika unaposikika, na mwenyewe akifungua sanduku lisilokuwa na hata mchubuko hukuta kichwa kinaning'inia kwa nyuzi. Mafundi wa kukarabati magita wanalifahamu vyema jeraha hili. Kwa hiyo ugumu wa nje peke yake si kinga. Kinacholinda ni namna gita linavyoshikwa kwa ndani: shingo ipumzike juu ya kiegemeo karibu na kichwa, tumbo libanwe pande zote, na kichwa chenyewe kisiguse kitu nyuma yake.

Jambo hili linageuza swali la awali. Kinachoshindanishwa kwa hakika ni jinsi gita linavyoshikwa ndani ya ala yake na mikono inayoishika ala hiyo njiani. Laini na gumu huja baadaye.

Mifuko laini yenyewe si ya aina moja. Ule unaotolewa bure pamoja na gita la bei nafuu ni kitambaa tu, au kitambaa chenye sponji ya milimita tano hivi. Kazi yake ni kuzuia vumbi, wala haifai kuhesabiwa miongoni mwa ala za safari. Mfuko wa kweli una sponji ya milimita 20 au zaidi, una kizuizi cha mpira au cha sponji ngumu upande wa chini ambako gita hutua, una kishikio cha shingo, na una mikanda miwili ya mabegani iliyoshonwa mara mbili. Uzito wake ni kama kilo moja na nusu hadi mbili. Sanduku gumu la plaiwudi lililofunikwa kwa ngozi bandia hufikia kilo nne au tano. Ya plastiki na ya faibaglasi hupungua kidogo. Ukiongeza gita lenyewe, mzigo unafika kilo sita au saba, nao hubebwa kwa mkono mmoja.

Kilo saba si neno kwa mwenye gari. Kwa abiria wa barabara ya Thika ni neno. Tangu barabara hiyo ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, anayeshuka upande usio wake hulazimika kupanda daraja la waenda kwa miguu na kushuka ng'ambo, mara nyingi katika msongamano. Fauka ya hayo, kuna matatu yenyewe. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zinazojulikana zaidi kama sheria za Michuki, ziliweka kikomo cha abiria 14 katika matatu ndogo na kumtaka kila mmoja awe na kiti na mkanda wake. Zilimpunguzia abiria adha ya kubanwa, ila hazikumwongezea mahali pa kuweka mzigo. Mfuko laini huingia katikati ya magoti, shingo ikielekezwa juu kando ya dirisha, na mwenyewe akiukumbatia kama mtoto. Sanduku haliwezi. Lina urefu unaozidi mita moja na halipindiki. Utingo ataomba nauli ya kiti cha pili, au atalichukua alisukume nyuma ya kiti cha mwisho, chini ya gunia la viazi na ndoo ya mtu asiyejua kilichomo. Kuanzia hapo gita limo mikononi mwa wengine.

Hii ndiyo hoja ambayo wauzaji huisahau. Ndani ya matatu ndogo, mfuko laini hulibakisha gita kwa mwenyewe, na sanduku gumu hulikabidhi kwa umma. Mpigaji anayesafiri peke yake kutoka Thika hadi Ruiru akiwa ameketi na gita lake mapajani, yuko salama zaidi na mfuko mnene kuliko na sanduku. Hatari yake kubwa itakuwa mlangoni: mfuko ukiwa mgongoni, kichwa cha gita hupita kichwa cha mtu, nacho hugonga mwimo wa juu wa mlango wa matatu kabla mwenyewe hajajua. Ni bora kuuvua mfuko kabla ya kupanda.

Bodaboda ina hesabu yake. Sanduku likilazwa mapajani hutokeza pande zote mbili, na barabara haina nafasi ya pikipiki yenye upana wa mita moja. Si gita pekee lililo hatarini hapo. Likishikwa wima kati ya abiria na dereva humnyima dereva utulivu. Kwa hiyo bodaboda ni milki ya mfuko, ingawa sharti isemwe wazi kwamba abiria akianguka chali, gita ndilo litakalokuwa godoro lake.

Mambo yanabadilika mara tu gita linapotengana na mwenyewe. Kikundi kinachokodi pikapu ili kupeleka spika, ngoma na vyombo vingine klabuni hakina sababu ya kutumia mifuko. Spika moja ikiteleza kwenye tuta, sponji ya milimita 20 haitaizuia kulipasua tumbo la gita, ambalo ubao wake wa juu mara nyingi haufiki unene wa milimita tatu. Vivyo hivyo basi la shule linaloelekea kwenye mashindano ya muziki, ambamo magita hupangwa juu ya marimba na masanduku ya nguo. Hapa sanduku gumu halina mshindani. Hata klabuni kwenyewe, mfuko wenye gita ukiachwa sakafuni gizani utakanyagwa, ilhali sanduku, kwa bahati mbaya au nzuri, litakaliwa kama kiti na kustahimili.

Ndege nayo ni pikapu kubwa zaidi, na wapigaji wa mugithi hualikwa mara kwa mara na Wakenya waishio Marekani. Mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alikabidhi gita lake kama mzigo mwaka 2008, likavunjika, na wimbo wa malalamiko alioutoa mwaka 2009 ukasikika dunia nzima. Sheria ya Marekani ya mwaka 2012 inayaruhusu magita kuingia pamoja na abiria ikiwa nafasi ipo wakati wa kupanda. Nafasi isipokuwepo, linakwenda chini, na huko haliendi na mfuko. Kabla ya kulikabidhi, nyuzi zilegezwe kidogo, na nguo laini zijazwe kila palipo na uwazi, isipokuwa nyuma ya kichwa.

Kuhusu hali ya hewa maneno machache yanatosha. Mvua za masika hupenya kwenye zipu ya mfuko, wakati sanduku lenye mdomo mzuri huzuia maji kwa muda. Joto halichagui. Gari lililofungwa likiachwa juani adhuhuri huweza kufikia joto la kulainisha gundi, na daraja la gita huanza kuinuka kutoka kwenye ubao kwa mvuto wa zile kilo 70. Sanduku jeusi katika buti ya gari halizuii hilo.

Yapo pia masanduku mepesi ya sponji ngumu iliyofunikwa kwa kitambaa, yenye mikanda ya mabegani na uzito wa kilo mbili au tatu hivi. Kwa mpigaji ambaye leo yuko kwenye matatu na kesho kwenye pikapu ya wenzake, huenda hilo ndilo chaguo la busara kuliko yote, ijapokuwa nalo halifai kuwekwa chini ya spika.

Anayenunua, uwe mfuko au sanduku, aende dukani na gita lake mwenyewe. Sanduku lililokusudiwa gita dogo la nyuzi za nailoni halilipokei gita pana la nyuzi za chuma, na lililo kubwa kupita kiasi ni baya kuliko lililobana. Aliweke gita ndani, afunge, ashike mpini na kuliinamisha polepole huku na huku. Akisikia kitu kinagonga ndani, alirudishe kwenye rafu.