JE, WAJUA? Plau Inaweza Kuziba Njia ya Mizizi

Huko Mwala, kaunti ya Machakos, mavuno ya mahindi hutegemea mvua na pia namna shamba linavyolimwa. Plau ya ng'ombe ikipita kina kilekile kila msimu, udongo ulio chini yake hushindiliwa ukawa tabaka gumu. Mzizi ukifika hapo hupinda na kutambaa kando. Maji nayo hushindwa kuzama, hutiririka juu na kubeba rutuba. Jua likizidi, majani ya mahindi hujikunja mapema.

Watafiti wamelinganisha mbinu mbalimbali za kulima huko Mwala, kuanzia jembe la mkono hadi plau ya trekta. Mbili kati yake hulenga hasa kuhifadhi maji. Ya kwanza ni kuchana ardhi kwa kina ili tabaka gumu lipasuke. Ya pili ni matuta yaliyofungwa: kati ya tuta na tuta huwekwa vizuizi vya udongo, na kila kidimbwi kinachojitokeza hushika mvua mpaka izame. Manufaa ya mbinu hizi huonekana zaidi katika msimu wenye mvua haba, kwa kuwa unyevu uliohifadhiwa huyafikisha mahindi kwenye hatua ya kuzaa.