Numero sita wa Mazembe: tuchukue wa hapa ao wa inje?

Mu basi ya kazi, saa kumi na moja ya asubui, watu wa zamu ya kwanza hawasemi mingi. Kila mutu anaegemeza kichwa ku kioo na kulala kidogo mbele ya kufika ku mugodi. Lakini wakati ekipe zinaanza kununua na kuuzisha wachezaji, hakuna anayelala tena. Mutu mumoja anauliza tu: "Basi mwaka huu, numero sita atakuwa nani?" Usingizi inaisha, na dereva anapunguza redio ili naye asikie.

Sisi tunaoandika haya ni madelege wa sendika, na karibu wote tuko wa Mazembe. Tuko pia na wawili wa Lupopo mu basi, tunawavumilia. Wao wanasema kwamba hawana shida ya numero sita. Tunawaachia raha yao.

Kwa nini numero sita, na hapana yule wa kufunga magoli? Kwa sababu juu ya mufungaji hakuna mabishano mingi: anafunga ao hafungi, hesabu iko ku ubao. Numero sita njo yule anayesimama mbele ya mabeki. Kazi yake ni kukamata balo mbele haijafika kwao, kuipatia mwenzake wa karibu, kurudi ku nafasi yake na kuanza tena. Watoto hawaandike jina lake ku mugongo wa maillot. Sisi wa mugodi tunamufahamu mbio sana, juu tuko na mutu wa namna yake: fundi wa pompe. Karieri ikiwa kavu, hakuna anayekumbuka kama pompe ziko. Siku maji inapanda na machini zinasimama, kila mukubwa anajua jina la fundi wa pompe na analiita kwa nguvu.

Basi, mabishano yetu iko hivi. Upande mumoja wanasema: angalieni 2010. Mwaka ule Mazembe ilichukua kombe ya Afrika mara ya pili mufululizo, ikapiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa Lubumbashi, kisha ikaenda Abu Dhabi mu kombe ya dunia ya maklabu. Pachuca ya Mexico ikaanguka 1-0, goli ya Bedi. Internacional ya Brazil ikaanguka 2-0, Kabangu na Kaluyituka, na Kidiaba akaruka ruka na matako mbele ya dunia nzima. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe ya Afrika kufika mu fainali ile. Inter ya Milan ikatupiga 3-0, lakini hakuna mutu hapa anayekumbuka ile siku kwa haya. Katikati ya kiwanja alikuwa nani? Mihayo Kazembe na Amia Ekanga. Watoto wa inchi. Kwa hiyo, wanasema, mbona tunapanda ndege kutafuta numero sita mbali?

Upande wa pili wanajibu: angalieni 2015. Kombe ya tano ya Afrika, juu ya zile za 1967, 1968, 2009 na 2010. Tulipiga USM Alger 2-1 kwao na 2-0 kwetu. Mu ekipe ile, katikati, kulikuwa Boubacar Diarra wa Mali na Nathan Sinkala wa Zambia. Mbele alikuwa Mbwana Samatta wa Tanzania, mufungaji wa kwanza wa mashindano na magoli yake 7, ambaye kisha alienda Genk kule Ubelgiji. Antrenere alikuwa Mufaransa, Patrice Carteron. Kombe haikuuliza mutu pasiporti.

Hapo wa kwanza wanarudia: ndiyo, lakini mu Desemba ya mwaka ule ule, kule Japani, Sanfrecce Hiroshima ilitupiga 3-0, na América ya Mexico 2-1. Wa 2010 walifika fainali, wa 2015 walirudi na mikono mitupu. Na wa pili wanasema mechi mbili haziwezi kuhukumu ekipe. Basi inafika ku mulango wa mugodi, tunavaa kofia, mabishano inabaki pale pale mupaka saa ya kurudi.

Kwa miaka mingi sisi madelege tulikuwa upande wa pili. Tulisema: mpira ni kazi, mwenye kujua zaidi apewe nafasi. Mupaka siku moja kijana mumoja wa kuendesha benne, hana hata miaka mbili mu kampuni, akatuuliza kwa heshima yote: "Ba papa madelege, siwafahamu. Mu assemblée munasema kampuni inaleta ekspatrie kufanya kazi ambayo watoto wa hapa wanaweza. Mu basi munasema Mazembe ilete ekspatrie. Sasa neno lenu la kweli ni lipi?"

Watu wakacheka. Sisi hatukucheka sana. Alikuwa na haki.

Tukaanza kufikiri vizuri, na tukaona kwanza kwamba neno lenyewe, "wa inje", ni neno la kushika kwa uangalifu. Sunzu na Sinkala na Kalaba ni Wazambia, sawa. Lakini kutoka Lubumbashi, Kasumbalesa iko karibu kuliko hata Kolwezi, na kisha ya barrière ni mashimo ile ile ya shaba na Kibemba kile kile ambacho mama zetu wanasema ku soko. Mu 2012, kule Libreville, wakati Zambia ilichukua kombe ya Afrika kwa penalti 8-7 mbele ya Côte d'Ivoire, penalti ya mwisho alifunga Sunzu, muchezaji wa Mazembe. Mu Kamalondo watu walicheza sawa vile kombe ni yao. Hatukusikia mutu anauliza kama yule ni mugeni.

Na sisi wenyewe? Union Minière ilipoanza, watu wa kazi haikuwapata hapa peke yake. Iliwaleta kutoka Rhodesia ya kaskazini, kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi. Ukiuliza mu basi yetu babu wa nani alizaliwa hapa, mikono itakayoinuka ni michache. Wagoma wa Desemba 1941, wale waliopigwa risasi hapa hapa Lubumbashi ku kiwanja cha mpira ambako walikusanyika kuomba mushahara, walikuwa wa kila kabila. Na tulikuwa watoto mu 1992 na 1993, tuliona namna neno "wa inje" linaweza kupeleka majirani ku gare ya Likasi na Kolwezi na magodoro yao, kulala pale wiki na wiki kungojea treni ya Kasai. Wengine walizikwa pale pale. Kwa hiyo mutu akisema mu basi "numero sita awe wa hapa", sasa tunamuuliza: wa hapa maana yake nini?

Jibu ambalo tulimupa kijana wa benne, kisha ya siku mbili, ni hili. Mu sendika hatusemi ekspatrie asikuje. Tunasema akikuja, awe na dublire: mutoto wa inchi anayefanya naye kazi bega kwa bega, anayeona mikono yake, na kisha ya miaka mbili ao tatu anachukua kiti. Kampuni inakubali ku karatasi, kisha dublire anatumwa kuleta kahawa. Ile njo tunapigania. Na kwa Mazembe ni vile vile. Lete numero sita wa Mali, wa Zambia, wa Ghana, mutu wa miaka makumi mbili na nane ambaye ameshaona mechi za moto mu Cairo na Casablanca. Lakini ku pembeni yake weka kijana wa akademi, na hapana ku banc peke yake: umupe mechi za Linafoot, umuache akose, umupe tena. Numero sita hajifunzi kwa kuangalia. Mufungaji anaweza kuzaliwa nayo. Yule wa kukata balo anajifunza kwa kuchelewa, mara mia, mupaka siku moja anafika mbele.

Mumoja wetu, anayefuata mambo ya Marekani ku televisheni ya jirani, alituambia kwamba kule, mu mpira wao wa kubeba na mikono, kijana hachague ekipe. Ekipe njo zinamuchagua, moja kisha moja, na ile iliyokuwa ya mwisho inachagua ya kwanza. Tshimanga Biakabutuka, muzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa namna ile mu 1996, wa 8 kwa wote, na Carolina Panthers. Wako pia na numero sita wao, mutu wa kusimama nyuma ya mustari wa kwanza na kusoma balo inaenda wapi, na mabishano juu yake haina mwisho. Hatukupenda habari ile. Mutu wa kazi asiyeweza kuchagua patro wake! Lakini mwenzetu akasema sendika ya wachezaji yenyewe inakubali desturi ile mu mapatano yake na mapatro, na ku badala inapata mishahara ya chini iliyoandikwa kwa kila mutu. Pale tulinyamaza kidogo. Mushahara ulioandikwa si kitu kidogo.

Maana kwetu ugonjwa wa mpira ni karatasi. Mu 2011 Mazembe, bingwa wa Afrika, iliondolewa mu mashindano bila kupigwa ku kiwanja. Simba ya Dar es Salaam (hapana Simba ile ya chupa) ilishitaki kwamba Janvier Bokungu amecheza wakati alikuwa bado na kontra ya Espérance. CAF ikasikiliza Simba. Mwaka muzima ukaenda juu ya karatasi moja. Watu walitukana Simba. Sisi madelege tulisema kidogo kidogo, ili tusipigwe: aliyekosa ni yule asiyesoma kontra.

Na kontra njo ilitufikia mu mikono mwaka huu. Mwenzetu mumoja wa pompe (ndiyo, wa pompe, hatutungi) iko na mutoto wa miaka 17. Anacheza numero sita mu ekipe ndogo ya kartie. Mwembamba, hasemi, lakini anafika ku balo mbele ya wengine na hujui alipita wapi. Klabu moja, hatutataja jina, ilimuona na kuleta karatasi. Baba akaileta kantini, akaiweka kati ya sahani za bukari, akasema: "Munisomee."

Tulisoma. Miaka sita. Mushahara haukuandikwa, kulikuwa tu neno "encouragement". Akivunjika muguu, kontra inaisha. Akiuzishwa, familia haina neno. Tumesoma makontra mabaya mu maisha yetu, hata za kampuni ndogo ndogo za kukodisha watu wa kazi, lakini hii ilituzidi.

Kuna vitu ambavyo kila muzazi wa mutoto wa balo anapaswa kujua. Sheria ya FIFA inakataza kontra ya zaidi ya miaka 3 kwa mutoto ambaye hajafika miaka 18. Kwa mukubwa mwisho ni miaka 5. Na muchezaji akiuzishwa kwa klabu ya inchi ingine mbele kontra yake haijaisha, asilimia 5 ya pesa inakatwa na kugawanywa kwa maklabu yaliyomulea tangu miaka 12 mupaka 23. Hata ile ekipe ndogo ya kartie, yenye kiwanja cha vumbi na balo mbili, iko na haki yake pale, kama imeandikisha mutoto vizuri. Ekipe ngapi za Katuba na Kenya zinaandikisha? Antrenere wengi wanaweka majina mu kichwa.

Tulienda na baba kuona mutu wa klabu. Tulivaa vizuri. Akatuangalia, akasema: "Wazee, hii ni mpira, si mugodi." Tukamujibu kwamba mutoto ana miguu mbili kama mutu wa mugodi, na miguu inavunjika vile vile. Akasema atawaza. Wiki tatu hakuna habari, na mu basi wengine wakaanza kutulaumu: mumeharibia mutoto bahati yake, klabu itachukua mwingine, wako wengi. Hatukulala vizuri siku zile. Kama karatasi isingerudi, tungemuangalia yule baba namna gani kila asubui?

Ilirudi. Miaka tatu. Mushahara umeandikwa, ni mudogo, lakini ni franka na namba. Matunzo ya hospitali ku mabega ya klabu. Usafiri pia. Tulisoma mara mbili, tukapitisha kalamu ku sentensi moja, wakaitoa.

Baba alikuwa tayari kusaini pale pale. Mama akakataa. Akasema mutoto atafanya kwanza egzamen ya Leta, kisha mpira, na klabu iandike vile. Hakuna kati yetu aliyefikiri hiyo, na tunajiita madelege. Wakaandika.

Sasa mutoto anacheza na wakubwa. Jumapili iliyopita waliingiza yeye dakika ya 60, nyuma ya mutu mumoja wa Zambia wa miaka makumi tatu anayemupigia kelele bila kupumzika: rudi, simama, usimufuate, rudi. Nusu yetu tulikuwa ku zamu, hatukuona. Jumapili inayokuja zamu inabadilika, na mu basi wameshaanza kubishana nani atabadilishana na nani. Wawili wa Lupopo nao wameomba nafasi.