Anayeweza Kusubiri Ndiye Anayefaidi

Vijana wa Kisii na Nyamira wanaosomea sanaa huniuliza mara kwa mara: je, niende Marekani kwa intanshipu? Mimi naishi Minnesota, ambako Wakisii tumejaa, hasa Brooklyn Park. Jibu langu huanzia Tabaka.

Jiwe na mikono yake

Tabaka, huko Mugirango Kusini, ndiko linakochimbwa jiwe la sabuni ambalo dunia inaliita jiwe la Kisii. Wanaume hushuka machimboni na sururu. Mchongaji hulichonga jiwe likiwa bado na unyevu, kwanza kwa panga, halafu kisu na tupa. Kisha kazi huhamia kwa akina mama. Huketi na beseni la maji, wakasugua kinyago kwa msasa, wakianza na ule unaokwaruza na kumalizia na ule laini, mpaka vidole vikunjamane. Kikikauka juani, hupakwa nta kikang'aa. Bila wao, kiboko wa jiwe hubaki na makovu ya tupa na hakuna mtalii atakayemtazama. Hata hivyo, ujira wa kusugua ni mdogo kuliko wa kuchonga.

Baadaye huja broka. Mchongaji anajua vizuri kwamba Nairobi na Mombasa bei ni nyingine. Lakini karo inadaiwa leo, na mwenye shamba la machimbo anataka pesa zake za jiwe. Anauza. Broka anao uwezo wa kuweka mzigo mpaka mnunuzi afike, na faida inakaa hapo.

Wapo waliovuka ukuta wa broka. Mchongaji Elkana Ong'esa ana sanamu yake katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na mwaka 2014 alichonga tembo wa jiwe la Kisii mbele ya umati katika tamasha la Smithsonian, Washington. Wengine wengi kazi zao husafiri bila majina.

Sasa intanshipu

Viza ya J-1 humruhusu intern kukaa hadi miezi 12, tena kwa kufuata mpango wa mafunzo uliokubaliwa. Huwezi kutafuta kibarua cha jioni pembeni. Taasisi nyingi za sanaa hulipa kidogo, nyingine hazilipi kabisa, na kodi ya nyumba haingoji. Nyumbani nako wanaamini unashika dola.

Pengine kazi yako itakuwa kueleza ukosefu wa usawa. Hapa Minneapolis, makutano ya mtaa wa 38 na Chicago Avenue, alipouawa na polisi Mmarekani mweusi George Floyd tarehe 25 Mei 2020, yamejaa michoro na maua, na watu wa kujitolea ndio wanaoyatunza. Utawapeleka wageni hapo na kuwasimulia ubaguzi, huku mlango wa taasisi uliyoingilia ukipitika tu kwa mwenye jamaa wa kumlisha mwaka mzima. Ni hesabu ileile ya Tabaka: kipaji kinaweza kulingana, lakini uwezo wa kungoja malipo haulingani.

Kinachoweza kufanyika

Wanaofanya biashara ya haki waliliona zamani tatizo hili la kungoja malipo. Kanuni za shirika la kimataifa la WFTO zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau asilimia 50 ya bei mapema, bila riba, fundi akiomba. Pesa hiyo hulipia jiwe na msasa, na humpa mchongaji nguvu ya kumkatalia broka.

Kwa hivyo, kijana, kabla ya kutia sahihi uliza nani analipa, kiasi gani, na tarehe ngapi. Kama hakuna posho na huna pa kulala, kukataa si woga. Nasi tulio huku, tunaoagiza mabakuli ya jiwe kwa zawadi za harusi kwa ahadi ya "nitatuma yakifika", tutume nusu siku ya kuagiza. Na tuulize aliyesugua atapata ngapi.