Nyumbu Wanafuata Mvua, Si Dira

Kila nyumbu wanapochelewa kuvuka Mto Mara, swali huwa lile lile, Mugumu hata Nyamongo: ncha za sumaku ya Dunia zinageuka, ndiyo maana wanyama wamepotea njia? Mtaalamu wa jiofizikia akishaulizwa mara ya kumi, naye huuliza: mvua imenyesha wapi?

Ncha zinahama kweli. Mwaka 1831 James Clark Ross aliikuta ncha ya sumaku ya kaskazini huko Kanada. Leo iko upande wa Siberia. Inasukumwa na chuma kilichoyeyuka, kinachotiririka karibu kilomita 2,900 chini ya nyayo zetu. Lakini hapa Tarime dira huachana na kaskazini halisi kwa digrii moja hivi, na badiliko la mwaka mzima halifikii robo ya digrii. Kundi zima lipotee kwa hilo?

Nyumbu, zaidi ya milioni moja, wanafuata majani na maji. Masika huwakuta nyanda za kusini, ambako majivu ya volkano yamezipa nyasi fosforasi na kalisi, chakula hasa cha majike wanaonyonyesha. Nyanda zikikauka hupanda kaskazini, kwenye mvua nyingi zaidi na mto usiokauka. Kusini kukinyesha mapema, hurudi mapema.

Tuseme basi ncha zigeuke. Ushahidi uko jirani, Bonde la Oldupai. Mwaka 1963 watafiti Grommé na Hay walipima sumaku iliyoganda ndani ya basalti ya pale, na kipindi walichokitambua, cha kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, dunia nzima inakiita Olduvai. Kilianza kwa mgeuko, kikaisha kwa mgeuko. Zamadamu Zinjanthropus wa Mary Leakey aliishi humo, na jamaa za nyumbu pia. Nyumbu bado tunao. Tena mgeuko huchukua maelfu ya miaka. Nyumbu wa msimu huu atauonea wapi?

Mwenye kazi na dira asome mwaka wa ramani na kurekebisha tofauti. Aiweke mbali na pikipiki, nondo, simu na miamba yenye chuma, ambayo ukanda wa Musoma–Mara unayo. Mchimbaji mdogo ahakikishe GPS na ramani ya leseni vinatumia mfumo mmoja: kati ya Arc 1960 na WGS 84 alama huhama takriban mita 300, na sumaku haihusiki. Anayesubiri nyumbu Kogatende apige simu kusini, aulizie mvua.