Promosheni Iliyotawanyika: Wanafunzi wa Butembo na Beni Wakati wa Korona

Tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa mjini Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi aliamuru shule na vyuo vikuu vyote vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vifungwe, akasimamisha ibada na kupiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Na ilipofika tarehe 24 ya mwezi huohuo alitangaza hali ya dharura, akaitenga Kinshasa na majimbo mengine, na kuifunga mipaka ya nchi kwa wasafiri huku malori ya mizigo yakiendelea kupita. Amri hizo, zilipofika Butembo na Beni, hazikuwafungia watu ndani kama ilivyokuwa Italia au Ufaransa, kwa kuwa katika miji ambayo familia nyingi hula kile kilichouzwa siku ileile, kulifunga soko kwa miezi kungekuwa kulifunga jiko. Kilichofungwa ni mahali pa kukutania: ukumbi wa mihadhara, maktaba, kanisa, uwanja wa mpira. Mwanafunzi aliweza kwenda shambani, dukani au mtoni, lakini hakuweza kwenda pale ambapo wenzake wa mwaka mmoja wa masomo, yaani promosheni yake, walikuwa wakimsubiri.

Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu maandiko mengi kuhusu wanafunzi na korona yamemchukua kama kielelezo kijana aliye chumbani mbele ya kompyuta, mwenye umeme wa kudumu na intaneti isiyohesabiwa, ambaye tatizo lake kubwa ni upweke na uchovu wa kutazama kioo. Mwanafunzi wa Butembo alikuwa na tatizo la namna nyingine. Uhusiano wake na wenzake ulitegemea kuwa pamoja kimwili kwa sababu zana za masomo zenyewe zilikuwa za kushirikiana: silabasi moja, yaani maandishi ya kozi, iliyopigwa fotokopi na kupitishwa mikononi, chumba cha kupanga kinachokaliwa na watatu au wanne, jenereta ya jirani inayochaji simu za mtaa mzima. Promosheni ilipotawanyika, urafiki na masomo vilikatika kwa mkato mmoja.

Butembo na Beni, miji miwili iliyoachana kwa kilomita 54 hivi katika barabara ya kitaifa namba 2, ina vyuo vikuu vingi kuliko msafiri anavyotazamia. Université Catholique du Graben, maarufu kwa herufi UCG, ilianzishwa mwaka 1989 na jimbo Katoliki la Butembo-Beni chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, na ina vitivo vya tiba, sheria, uchumi na kilimo. Butembo ina pia Université de l'Assomption au Congo na chuo cha serikali, Université Officielle de Ruwenzori, pamoja na taasisi za ualimu, biashara na afya. Kusini yake, Lukanga, kipo chuo kikuu cha Waadventista. Na Beni ina Université Chrétienne Bilingue du Congo, iliyofungua milango yake mwaka 2007 na inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Wengi wa wanaosoma humo hutoka Lubero, Kirumba, Oicha, Mutwanga na vijiji vilivyo kati ya miji hiyo, na vyuo vilipofungwa walirudi huko, yaani kwenye vilima na mabonde ambako simu hushika mtandao kwa kupandishwa mlimani, ikiwa inashika.

Jambo ambalo mgeni huenda asilione kwa haraka ni nafasi ya Rughenda, mtaa wa Butembo wenye uwanja mdogo wa ndege. Vyuo vingi vya mashariki ya Kongo havina maprofesa wa kutosha wanaoishi mjini, kwa hiyo huwaalika maprofesa wageni kutoka Kinshasa, Kisangani au Goma, ambao huja kwa wiki mbili au tatu, hufundisha kozi nzima asubuhi na alasiri, husahihisha mitihani, kisha huondoka. Kozi ya saa 45 ambayo kwingine hutandazwa kwa muhula mzima, hapa hubanwa ndani ya siku chache, na wanafunzi huishi kwa mwendo huo: kimya cha kumngoja profesa, kisha msongamano wa usiku na mchana. Safari za ndege kati ya Kinshasa na majimbo ziliposimamishwa, mlango wa kupitishia kozi hizo ulifungwa, hata kama wanafunzi wote wangebaki mjini. Kwa sababu hiyo si sahihi kueleza mkwamo wa mwaka 2020 kwa ukosefu wa intaneti peke yake. Mfumo uliokuwa ukifanya kazi kwa safari za watu ulinyimwa safari.

Korona, zaidi ya hayo, haikuwa ugonjwa wa kwanza kuwafunza vijana wa huko kunawa mikono langoni na kusalimiana bila kugusana. Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, na kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, ambao 2,287 kati yao walifariki. Magonjwa hayo mawili yalipishana: tarehe 10 Aprili 2020, siku mbili tu kabla ya tarehe iliyopangwa kutangaza mwisho wa Ebola, mgonjwa mpya alithibitishwa Beni, wakati vyuo vimekwisha kufungwa kwa ajili ya korona. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuzoea msamiati wa magonjwa ya mlipuko. Walijua kwamba kumtenga mgonjwa ni kumwondoa aliyekwisha kuugua miongoni mwa wazima, ilhali karantini ni kumzuia mtu mzima aliyekaribiana na mgonjwa mpaka muda wa ugonjwa kujitokeza upite, na kwamba kwa Ebola muda huo ni siku 21.

Walijua pia jinsi habari mbaya inavyosafiri. Utafiti uliofanywa Septemba 2018 kwa kuwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na kuchapishwa mwaka uliofuata katika jarida la tiba la Lancet Infectious Diseases, ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo, na kwamba chini ya theluthi moja waliamini kuwa wakuu wa mahali pao wanatetea masilahi yao. Hali hiyo ilizidi pale uchaguzi wa rais wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa takriban siku 20 baada ya kura za kwingine kupigwa. Kwa kijana aliyepitia hayo, tangazo la kufungwa kwa chuo halikuwa agizo la kiafya tu. Liliingia katika mfululizo wa mambo ambayo mji wake ulifanyiwa kutoka mbali. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini wanafunzi waliamini ujumbe wa mwenzao kuliko waraka wa wizara hana budi kuanzia hapo.

Mwenzao huyo mara nyingi alikuwa shefu wa promosheni, ambaye kila mtu humwita CP. Katika vyuo vya Kongo, CP ni mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake kuwawakilisha mbele ya kitivo: hupokea ratiba, huchangisha fedha za silabasi, hutangaza matokeo, hupatanisha. Wakati wa kawaida kazi yake huonekana ndogo. Promosheni ilipotawanyika, CP aligeuka kuwa kiungo kati ya mhadhiri na watu walioenea eneo zima, na simu yake ikawa ofisi. Kundi la WhatsApp, ambalo wakati huo lilikuwa na kikomo cha watu 256, lilitosha kwa promosheni nyingi lakini si kwa miaka ya kwanza iliyojaa. Na tangu Aprili 2020 kampuni hiyo ilipopunguza usambazaji wa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ukaruhusiwa kutumwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja, uvumi ulipata kizuizi kidogo. Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, kilibaki kuwa CP mwaminifu anayesema wazi kwamba habari fulani haijathibitishwa na sekretarieti ya chuo.

Hapa inafaa kuingia kidogo katika hesabu, kwa kuwa ndizo zilizoamua nani ashiriki na nani aachwe. Wataalamu wa elimu ya mbali hutofautisha mafunzo ya papo kwa papo, ambapo mwalimu na wanafunzi huwa hewani kwa wakati mmoja, na mafunzo ya muda huru, ambapo mwalimu huweka somo na kila mmoja hulichukua anapoweza. Mkutano wa video wa saa moja, ambao ni mafunzo ya papo kwa papo, mara nyingi hula zaidi ya megabaiti 500, yaani hizo mega ambazo mwanafunzi hununua kidogo kidogo kwa siku au kwa juma. Tena humtaka awe na umeme na mtandao mzuri katika saa ileile aliyochagua mwingine. Sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp huchukua takriban kilobaiti 120 kwa dakika, sawa na megabaiti 7 kwa saa, kwa hiyo kozi yote ya saa 45 ikisomwa kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho haizidi sana megabaiti 300, ambazo ni pungufu ya saa moja ya video. Silabasi ya kurasa 100 iliyochapwa kwa kompyuta, isiyo na picha, haifiki megabaiti moja, lakini silabasi hiyohiyo ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa inaweza kufika 20 na zaidi. Mhadhiri anayetuma picha za daftari lake badala ya kulichapa huwa ameihamishia gharama ya kazi yake kwenye mfuko wa mwanafunzi maskini kuliko wote, na pengine hajui.

Pasipofika mtandao, faili husafiri kwa miguu. Mwanafunzi mmoja hushuka mjini siku ya soko na flashi mfukoni au kadi ya memori ndani ya simu, akapakua alichotumwa, na akirudi kijijini wenzake wanne au watano hukinakili simu kwa simu bila kutumia mega hata moja. Anayekosa simu ya kisasa huandika kwa mkono huku sauti ya profesa ikichezwa na kusimamishwa sentensi kwa sentensi, mpaka betri iishe na kazi ingoje jua la kesho liwezeshe paneli kuichaji. Njia hii ni ya polepole, lakini ina sifa moja ambayo video haina: huwalazimisha watu kukaa pamoja wachache, chini ya kikomo cha 20, na kuulizana maana ya walichosikia.

Bado kuna kilichopotea ambacho hakuna faili ambayo ingeweza kukirudisha. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu hupata habari mpya na nafasi za kazi kupitia uhusiano dhaifu, yaani watu wanaofahamiana kwa juu juu, mara nyingi zaidi kuliko kupitia ndugu na marafiki wa karibu, ambao kwa kawaida wanajua kile ambacho mtu mwenyewe tayari anakijua. Chuo kikuu ni kiwanda cha uhusiano wa aina hiyo: mwanafunzi wa sheria humkuta wa kilimo kwenye foleni ya fotokopi, asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, humtajia kijana nafasi ya mafunzo ya kazi wakipishana langoni. Kundi la promosheni kwenye simu huwaweka pamoja wanaojuana tayari, na kwa hilo lilisaidia sana, lakini foleni ya fotokopi halina.

Hasara hiyo haikuwaangukia wote sawasawa. Binti aliyerudi nyumbani alirudi pia kwenye maji, kuni na wadogo zake, na somo la muda huru kwake likawa somo la baada ya wote kulala. Na kwa waliotoka upande wa Beni, ambako raia wamekuwa wakiuawa kwa makumi na mamia tangu Oktoba 2014, kurudi kijijini kulikuwa ni kuuacha usalama mdogo wa mji. Ujumbe wa asubuhi katika kundi, ambao kwingine ungekuwa salamu tu, huko ulikuwa pia njia ya kujua nani yu hai. Makala za kitaalamu kuhusu elimu ya mbali zinapaswa kuyagusa pia matumizi hayo ya simu.

Nchi jirani zilikwenda kwa mwendo wao: Tanzania ilirudisha wanafunzi wake wa vyuo tarehe 1 Juni 2020, ilhali Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, ilizifungua shule zake zote Januari 2022 tu. Kongo ilifungua vyuo Agosti 2020, ikavifunga tena tarehe 18 Desemba pamoja na kuweka amri ya kutotoka usiku, kisha ikavifungua tarehe 22 Februari 2021. Wiki mbili hivi kabla ya tarehe hiyo, tarehe 7 Februari, Ebola ilitangazwa tena katika eneo la Butembo, ikapata watu 12 na kuua 6 kabla ya kuzimwa tarehe 3 Mei.

Kufungwa, basi, si tukio la mara moja kwa vyuo hivi, na maandalizi yake yanaweza kuanza bila kungoja kebo wala ufadhili. Mazoezi ya maabara, ya wodini na ya shambani hayapiti katika simu, na ratiba inapaswa kuyatanguliza kila chuo kinapokuwa wazi, nadharia ikiachwa kwa siku zinazoweza kukatika. Kila profesa mgeni aweza kutakiwa, kabla ya kupanda ndege Rughenda, aiachie sekretarieti silabasi iliyochapwa, sauti ya mihadhara yake na maswali ya kujipima, vyote katika flashi moja ambayo CP wa mwaka huo na wa mwaka ujao wanaruhusiwa kuinakili bure.